Airisi Hazizikwi

Wodi ya wanawake, Kapkatet
Jumapili, 4 Februari 2024

Baba Vinny,

Jana ulipokuja kuniona ulikuwa ukinisemesha kwa kupaza sauti, kana kwamba ni masikio yangu yaliyopotea. Masikio yako sawa. Ni sauti tu imekwenda. Daktari ameniambia haitarudi, na yale mengine pia ameniambia, kwa hiyo acha kuhangaika kunificha. Ni saratani ya koo. Krismasi, amesema, nisiipangie mambo makubwa.

Wiki ijayo nitaruhusiwa kurudi nyumbani. Nina ombi moja. Dirisha la chumba chetu linatazama ukuta wa choo cha jirani, Mzee Kebaso, na kipande cha ardhi kisicho na kitu. Nipandie airisi pale. Ni yale maua ya zambarau ya kwetu Fort Ternan, ambayo Baba alipewa na mkuu wa stesheni enzi zake za reli. Nimekulia katikati ya maua yale. Nataka kuyaona yakifunguka nikiwa kitandani kwangu, kabla sijaenda.

Muombe Mama. Lakini usimwambie kwamba naumwa. Alimuuguza Baba miaka mitatu, na presha yake unaijua. Siwezi kumwandikia mimi, ataona mwandiko unavyotetemeka. Andika wewe. Wala usiende huko mwenyewe, kwa sababu akikutazama tu usoni utamwambia kila kitu. Najua barua hiyo itakutoa jasho kuliko boiler, lakini utaweza.

Wako,
Shirley


Kapkatet
9 Februari 2024

Kwako Mama Priscillah,

Nakuamkia kwa heshima. Natumaini uko mzima na shamba liko salama. Sisi hapa hatujambo. Vinny yuko shule, ameingia Form Two. Mimi bado niko kiwanda cha chai, upande wa boiler.

Mama, samahani kwa kukuandikia mimi badala ya Shirley. Ana kazi nyingi, maana kila mzazi anataka sare ya mtoto wake iwe tayari jana. Ameniagiza nikuombe mbegu za yale maua yako ya airisi tuyapande chini ya dirisha. Mimi sijawahi kupanda ua maishani. Nimezoea ndizi na chai. Kwa hiyo nieleze kama unayemweleza mtoto, na uniambie pia yanachukua muda gani hadi kuchanua.

Ukijibu, mpe Nganga akija na kabichi soko la Jumanne. Aache kwa mlinzi wa geti la kiwanda, asijisumbue kufika nyumbani.

Ni mimi mkwe wako,
Mogaka


Fort Ternan
19 Februari 2024

Mkwe wangu Mogaka,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali Shirley alipotia mkono. Sikuona. Mtu wa kushona kaptula za shule hakosi dakika kumi za kumwandikia mama yake, na anajua simu kwangu ni kelele tu, masikio haya yalikwisha kitambo. Tangu Novemba sijapata neno lake. Mwambie mimi si mtu wa kutumiwa salamu kupitia kwa mume.

Haya. Airisi haipandwi kwa mbegu, bwana boiler. Ina kiazi kama tangawizi. Nimekufungia vipande sita ndani ya gazeti. Sasa sikiliza vizuri, maana nyinyi watu wa ndizi mnapenda mashimo. Airisi hazizikwi! Mizizi ndiyo inayoingia udongoni. Kiazi chenyewe kinalala juu, mgongo wake ukiota jua, kama ng'ombe aliyeshiba. Inua tuta, changanya na kokoto maji yasisimame. Usimwagilie, huko kwenu kunanyesha kila alasiri bila kuombwa. Ukishapanda, kaa mbali nayo.

Kuhusu kuchanua, mwaka huu sahau. Mwakani labda, au ule mwingine. Mwambie Shirley asiwe na haraka. Na kama ana haraka, njia ya kwetu anaijua.

Mama yenu,
Priscillah


Kapkatet
24 Machi 2024

Mama,

Nakuandikia kwa aibu. Barua yako niliisoma nikiwa zamu na nikaielewa vizuri kabisa. Lakini nilipofika nyumbani na kushika jembe, mkono ulifanya vile ulivyofundishwa na baba yangu. Nilichimba mashimo ya kufika kiwiko, nikatia samadi, nikavizika vile vipande. Halafu, kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa, nikavifunika kwa matawi ya chai yaliyopogolewa, kama tunavyofunika shamba la chai ili udongo usichukuliwe na maji. Niliona nimefanya kazi safi sana.

Wiki ya nne jirani yetu Chelangat akaniuliza ni nini kimekufa chini ya dirisha letu. Kufukua, viwili vimeoza, vinanuka kama viazi vilivyosahaulika guniani. Vinne vilivyobaki nimevipanda upya, mgongo juu, kama ulivyosema.

Mama, hakuna namna ya kuyaharakisha? Hata ua moja tu, mwaka huu. Nina sababu zangu. Shirley anakusalimu sana. Amekonda kidogo, kwa ajili ya kazi.

Mkwe wako,
Mogaka


Fort Ternan
2 Aprili 2024

Mogaka,

Umenichekesha hadi nimeketi chini. Nimemsomea mke wa mchungaji naye akacheka. Nilikuambia usizike, ukazika, tena ukaweka na blanketi juu!

Hapana, hakuna kuharakisha. Hizo sababu zako ni zipi? Mtu anayeharakisha ua anataka kulipeleka wapi? Na Shirley akikonda, ale. Hajapata kuwa mtu wa kula vizuri akiwa na kazi, hata shuleni alikuwa hivyo.

Ya kwangu yana afya, nadhani mwaka huu yatachanua kuliko mwaka jana. Shirley akija mwenyewe nitamchimbia shina zima lenye vichwa vyake, na udongo wake, akaliweke hapo dirishani lichanue wiki hiyo hiyo. Lakini nitampa mkononi mwake. Sitalifunga kwenye gazeti.

Mama yenu,
Priscillah


Kapkatet
2 Juni 2024

Mama,

Ile barua yako nilimsomea Shirley. Alitabasamu ulipotaja shuleni. Alifurahi kuhusu shina lenye vichwa, lakini safari kwa sasa haiwezekani kwa sababu ya kazi.

Kuna jambo jingine la kukuambia. Niliona airisi zimesimama tu bila kukua, nikazihurumia. Nilikuwa na mbolea ya chai iliyobaki, nikatia mkono mmoja. Wiki mbili baadaye nikaongeza mwingine. Mama, ungeziona! Majani yamenifika kiunoni, mapana, yameshikana. Watu wakipita wanasimama kuyatazama. Shirley anayaangalia kutwa nzima hapo dirishani. Ila maua hakuna, hata dalili. Nimefungua katikati ya majani kwa vidole nikitafuta kichwa, sikuona. Nimekosea wapi tena?

Mkwe wako,
Mogaka


Fort Ternan
11 Juni 2024

Mogaka,

Hukukosea. Uliiomba majani ikakupa majani. Mkulima wa chai anataka nini? Majani. Mbolea yake inaleta nini? Majani. Airisi ikilishwa namna hiyo haioni sababu ya kuchanua. Ungeiacha na njaa kidogo. Usitie kitu tena, hata majivu.

Sasa tuache maua. Umeandika kwamba Shirley yuko dirishani kutwa nzima. Anashona saa ngapi? Nganga naye ananiambia cherehani haipo barazani pale sokoni tangu Februari, na wenye duka hawataki kusema. Mmegombana? Umemkataza kazi? Au bado amekasirikia yale niliyosema mwaka ule alipoolewa, kwamba nilimtakia mtu wa kwetu? Nilisema, na siku hizi najua nilikosea, wewe si mume mbaya. Lakini kama ni hilo, aniandikie mwenyewe anitukane. Kunyamaziwa ndiko sikuwezi.

Nijibu ukweli.

Priscillah


Nyumbani
Jumapili, 28 Julai 2024

Baba Vinny,

Umetoka kwenda zamu nikiwa nimelala, kwa hiyo nimeiacha hii chini ya kikombe chako.

Usiendelee kujilaumu juu ya majani. Nayapenda. Upepo ukipita nasikia yanavyosuguana, na asubuhi umande unakaa juu yake hadi saa tatu. Ua sitaliona, hilo nimelijua tangu mwezi uliopita. Ile barua ya Mama ya Juni, najua hukuijibu. Iko mfukoni mwa koti lako la kiwandani, nimeiona Chelangat alipolifua.

Nimebadili moyo. Nilifikiri nataka maua. Kumbe namtaka Mama. Nilifikiri namhurumia, na labda nilikuwa najihurumia mimi, sikutaka aone nilivyo. Sasa sijali tena nilivyo. Nataka aketi hapa kitandani, anigombeze. Mwandikie aje. Mwambie vile ilivyo, bila kuzunguka.

Leo uji umeshuka vikombe viwili. Chelangat atakuambia ni vitatu, usimwamini.

Shirley


Kapkatet
30 Julai 2024

Kwako Mama Priscillah,

Nakuamkia kwa heshima. Samahani kwa kuchelewa kujibu, kiwandani majani yamekuwa mengi. Hatujagombana, Mama, naomba usiwaze hivyo.

Ni kweli afya ya Shirley imesumbua kidogo siku hizi, ndiyo sababu amepumzika kushona. Anasema angefurahi sana ukipata nafasi umtembelee. Najua ni wakati wa kazi za shamba na sitaki kukuharibia mipango. Ila ukipata nafasi tu, Mama, karibu sana.

Mkwe wako,
Mogaka


Fort Ternan
6 Agosti 2024

Watoto wangu Mogaka na Shirley,

Nganga alinipa barua nikiwa bado kwenye shamba, nikaisomea hapo hapo nimesimama. Kwa hiyo ameniita mwenyewe! Mwaka mzima nilikuwa nangoja hilo neno dogo.

Nakuja. Mahindi yamekauka na nikiyaacha sasa ngedere hawatabakisha gunzi. Nitavuna, nianike, nije katikati ya Septemba nikae wiki mbili kamili. Kama ni ile homa yake ya baridi, mpe supu ya mifupa, na miguu iwe na soksi. Asinywe chai ya rangi tupu.

Airisi zimefunguka. Leo asubuhi nimehesabu kumi na saba hapo mlangoni. Jumapili nilikata kumi nyingine nikampa mke wa mchungaji akaziweka kanisani, watu wakawa wanageuka geuka kuzitazama badala ya kusikiliza mahubiri. Shirley, nikija nitakuletea shina lako. Nimeshalichagua.

Mama yako,
Priscillah


Kapkatet
Jumatatu, 12 Agosti 2024

Mama,

Shirley ametuacha leo asubuhi, hapa nyumbani, saa moja na nusu. Ilikuwa saratani ya koo. Tulijua tangu Januari.

Nganga anakuletea hii leo ingawa si siku yake. Atakungoja, urudi naye.

Nilipaswa kukuambia. Mama, nilipaswa.

Mogaka


Fort Ternan
15 Septemba 2024

Mogaka,

Leo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kuja kwenu. Mfuko nilikuwa nimeufunga tangu mapema Agosti, bado uko nyuma ya mlango. Sina nguvu ya kuufungua.

Huko kwenu Keroka siku ya mazishi sikukusemesha mbele ya ndugu zako. Walinikalisha mbele, wakanipa kiti chenye mto, wakaniita mama wa marehemu. Mama gani? Mama aliyemkuta mwanawe ndani ya sanduku. Nilimshika shavu nikaona koo lile, nikaelewa miezi saba kwa mara moja. Umeninyima miezi saba, Mogaka. Ningemlisha. Ningemfulia. Nilimfanyia baba yake miaka mitatu na sikufa. Nani aliwaambia nyinyi wawili kwamba mimi ni yai?

Na uliniuliza jinsi ya kukuza maua. Kumbe haja yako ilikuwa maua yenyewe. Hayo ni mambo mawili, mwanangu. Yalikuwa hapa! Ungesema neno moja ningeyakata yote, ningemletea beseni zima, yakae dirishani, juu ya meza, kitandani, mahali pote. Wakati yeye anatazama majani yako, mimi namkatia mke wa mchungaji. Kila nikifikiri hapo naona kichwa kitapasuka.

Nimekuwa nikikuchukia mwezi mzima na nimechoka, kwa sababu kuna jambo linaniamsha kila alfajiri na si lako. Ni langu. Vile vipande sita nilivyokutumia Februari, nilivichagua. Nilikata vya pembeni kabisa, vidogo kuliko vyote, ambavyo hata malaika asingevichanuisha mwaka huo. Nilifanya makusudi. Nilitaka Shirley achoke kungoja, aje mwenyewe kuniomba. Shina kubwa, la kuchanua mwaka huo huo, lilikuwa hatua tatu kutoka jikoni kwangu, na nilipita kando yake nikiwa na kisu mkononi.

Basi na wewe ujue hilo. Sina la kuongeza, na usiniandikie kwa sasa.

Priscillah


Kapkatet
20 Oktoba 2024

Mama,

Umenikataza na bado naandika. Hii nitaituma, ukitaka usiifungue.

Ndani yake nimeweka karatasi ya Shirley ya tarehe 28 Julai. Ni yako zaidi kuliko yangu. Utaona alichoniagiza niseme, na barua yangu ya tarehe 30 unayo, kwa hiyo utaona nilichosema. Aliniambia bila kuzunguka. Mimi nikazunguka.

Nitakueleza, ingawa kueleza hakusaidii. Kwetu sisi Wagusii mkwe hataji mbele ya mama mkwe wake habari za mwili wa binti yake. Nimelelewa hivyo, hata mezani kwako nilikuwa nikiinamisha macho, unakumbuka ulinicheka. Nilikaa na kalamu kuanzia saa nane hadi giza lilipoingia. Niliandika "anakufa" nikachana. Niliandika "koo" nikachana. Karatasi ya nne nikaandika "ukipata nafasi," ikapita vizuri, nikaona nimesema. Ulipojibu kwamba utakuja Septemba ningeweza kukimbilia Fort Ternan siku hiyo hiyo. Nilifikiri kuna muda. Alikunywa uji vikombe viwili, nikajiambia kuna muda.

Barua yako yenye habari ya maua kumi na saba nilimsomea. Aliinua vidole akionyesha kumi, halafu saba, halafu akafumba macho. Sijui alikuwa anaona nini. Alikuwa anatabasamu, hilo naweza kuapa.

Juu ya vipande vya pembeni, hakujua. Nami sikulaumu. Hata ungenitumia vikubwa, Mama, ningevizika.

Mogaka


Kapkatet
Jumamosi, 28 Juni 2025

Mama,

Hii ni barua yangu ya nne tangu uliponyamaza. Ukiacha ile ya Oktoba, zile nyingine zilikuwa za salamu. Hii si ya salamu.

Limechanua moja. Ni kile kipande kidogo kuliko vyote, cha mwisho, karibu na ukuta wa choo cha Mzee Kebaso. Mwaka mzima nimefanya ulivyosema. Sikutia mbolea, sikutia majivu, nilitoa majani yaliyokauka ili jua lifike mgongoni, halafu nikakaa mbali. Wiki iliyopita niliona kitu kimenyooka katikati kama kalamu iliyofungwa. Jana asubuhi nilipotoka zamu nikakuta kimefunguka.

Sikujua kwamba katikati ya zambarau kuna mstari wa njano. Shirley hakunitajia mstari wa njano. Nilisimama pale na nguo za kazi, nikalia mpaka Chelangat akatoka nje. Kisha nikaingia ndani nikalala kwenye kitanda chetu, upande wake, nitazame kutoka pale. Linaonekana vizuri, Mama. Linaonekana lote, hata shina. Angeliona vizuri sana.

Chelangat anasema ua hili halifiki siku nne, na limeshakula moja. Mengine mawili bado yamefumba.

Siandiki ukipata nafasi. Acha mahindi, ngedere na wayale. Usingoje Jumanne ya Nganga. Vinny yuko nyumbani kwa likizo fupi, ndiye amekuletea barua hii, na nimemwambia akae mlangoni kwako mpaka uvae viatu. Kitanda kile nimekutandikia upande wa dirisha.

Njoo, Mama. Njoo leo. Rudi naye.

Mogaka